Bunduki Yangu ya Upepo Siiuzi

Vijana, najua jina mnaloniita nikishageuza mgongo. Mama Mizinga. Nimelisikia kwenye maegesho ya kanisa, nimelisikia jikoni wakati wa kuosha masufuria, na mtoto mmoja aliwahi kuniita hivyo usoni akidhani ndilo jina langu la ubatizo. Sikumkemea. Sasa mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu kwa ajili ya hicho kijitabu chenu, na mama mmoja wa kamati akanivuta pembeni akasema, "Mama Neema, uandike juu ya kushona. Kushona iko muzuri kwa batoto." Kushona nilikufanya kwenye kambi ya wakimbizi. Hapa Louisville kazi iliyonilisha mpaka nikastaafu ni kutengeneza bunduki za upepo, zile kubwa za kuangushia kulungu, na hiyo ndiyo nitakayoandika. Asiyetaka akafunge kijitabu sasa hivi.

Nianze na kinachowachanganya wengi. Bunduki ya upepo haina baruti. Ina mtungi mdogo wa chuma chini ya mtutu, unajazwa hewa hii hii tunayovuta, iliyobanwa na kompresa mpaka tairi la lori ni mchezo wa watoto. Ukivuta kifyatulio, nyundo ndogo inagonga vali, vali inafunguka na kufunga papo hapo, na hewa inayotoka inaisukuma risasi. Ziko ndogo za kupigia makopo, lakini hizo si zangu. Mimi nasema zile ambazo ncha ya kidole changu cha mwisho inaingia kwenye tundu la mtutu. Na kila mwaka lazima nimpate kijana wa kuniambia, "Aa, Mama, si ni upepo tu?" Ni upepo tu, ndiyo, na kulungu dume analala chini kwa upepo huo huo. Ukiuelekeza mguuni mwako utajua ni upepo gani.

Niliingiaje humo? Nilipofika Marekani nilipelekwa ghalani kufungasha mizigo kama wengi wenu, na mgongo wangu ukakataa mapema. Siku moja nilikuwa kibarazani kwetu, mtaa wa Iroquois, nimeifungua cherehani ya jirani, vipande vyote nimevipanga juu ya kitambaa. Akapita Mzee Dale, Mkentaki mwenye ndevu zilizogeuka rangi kwa tumbaku. Akasimama. Akaniangalia mpaka nikamaliza kuirudishia na ikashona. Akaniuliza kama nataka kazi ya kukaa.

Kesho yake nikaenda karakanani kwake, nikaona bunduki zimepangwa ukuta mzima, nikageuka nikatoka bila kuaga. Alinikuta kwenye kituo cha basi. Hakunibembeleza wala hakuniuliza nimetoka wapi. Aliweka mkononi mwangu kitu kama koki ndogo ya shaba, ndiyo hiyo vali, kimefunguliwa, na springi yake na pete zake za mpira. Akasema kazi ni hiyo, mengine atafanya yeye. Nilikigeuzageuza na mikono yangu ikakipenda kabla mimi sijaamua. Nikamwambia nitatengeneza lakini sitafyatua. Akasema sawa.

Ahadi hiyo niliivunja mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha. Macho ya Mzee Dale yalianza kupata ukungu. Katika ufundi wetu bunduki hairudi kwa mwenyewe kabla aliyeitengeneza hajaijaribu, kama mshonaji anavyovuta mshono kabla ya kukukabidhi gauni. Sasa mzee akawa anajaribu kazi yangu na macho hayaoni, risasi zinapiga ukingo wa sanduku la mchanga la kulengea, na mteja mmoja akalalamika kwamba darubini imepinda. Haikuwa imepinda. Niliona aibu kwa kazi nzuri kuchafuliwa jina. Nikamwambia mzee asogee. Nikakaa mezani, nikaweka kitako begani, nikafyatua ndani ya mchanga.

Niseme nilivyojisikia? Kwanza niliogopa, nusura nijikojolee. Halafu nikashikwa na hasira, hasira ya miaka mingi, sijui ilikuwa imekaa wapi. Hasira ilipopungua niliangalia kwenye karatasi ya shabaha, risasi imepita juu kidogo ya alama. Nikarekebisha darubini nikafyatua tena. Mara ya pili ilikuwa kazi, na tangu hapo imekuwa kazi.

Sasa yale ya mkononi, maana mkishazeeka mtasema Mama Mizinga hakutuachia kitu. Bunduki ikivuja hewa, usikimbilie kuifungua. Paka povu la sabuni kwenye maungio, usubiri, utaona kiputo kinapumua. Ikiwa hakuna kiputo, weka sikio mdomoni mwa mtutu, lakini uwe umeshaitoa risasi, umetazama kwa macho na kuuchokoa mtutu kwa ufito. Usimwamini mtu anayekwambia ni tupu, hata akiwa mchungaji. Ukisikia pumzi ndani ya mtutu, vali haikai vizuri. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, toa hewa yote. Nimeona kizibo kikitoboa dari kwa sababu kijana mmoja hodari alikuwa na haraka.

Na bunduki hizi hazina pumzi ndefu. Ukishafyatua mara mbili tatu hewa imepungua, na risasi itaanguka chini ya pale unapolenga. Kwa hiyo angalia geji kabla ya kuangalia mnyama. Usipige mbali pia, nusu ya uwanja wa mpira inatosha, ukizidisha unajeruhi tu. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia porini ni dhambi, na mimi siku nzima nitakutembeza mpaka umpate.

Jambo jingine ni mafuta. Hapa lazima nimtaje shemeji Bahati, mdogo wa marehemu mume wangu, anayeishi Columbus, mtaa wa Linden. Amekwishanikubalia nimtaje, na hata asingekubali ningemtaja.

Bahati aliniona na bunduki yangu ya kuwindia, niliyojitengenezea karakanani, akapata wivu, akajinunulia iliyotumika. Baridi ilipoingia akanipigia simu.

"Shemeji, hii kitu iko nalia."

"Inalia vipi?"

"Kama paka. Usiku na muchana. Donc, basi, nimeitia dawa, lakini sasa imenyamaza na haitaki kufanya kitu."

"Dawa gani?"

Akanyamaza. Huyo ni mtu ambaye hanyamazi hata wakati wa sala.

"Bahati, umetia nini?"

"Mawese. Kidogo tu, shemeji. Mawese inafanyaka kila kitu."

Nilikaa chini. Kwetu mawese yanapakwa kwenye ngozi ya mtoto, kwenye bawaba ya mlango, kwenye mnyororo wa baiskeli, sikatai. Lakini mafuta na hewa iliyobanwa namna ile vikikutana vinaweza kuwaka vyenyewe humo ndani, na bunduki ikakupasukia shavuni. Ndiyo maana sisi tunatumia grisi ya silikoni peke yake, tena chembe ndogo ya kung'arisha pete. Nikamwambia asiiguse, aitoe nje ya nyumba, asiisogelee na sigara yake. Kilichomwokoa ni baridi ya Columbus. Mawese yalikuwa yameganda kwenye vali kama yanavyoganda kwenye chupa kabatini, yakaishika vali isifunguke kabisa.

Nilipanda basi nikaenda mwenyewe. Nikaitoa hewa polepole, nikaifungua juu ya gazeti kwenye meza yake ya kulia, na jamani, nyumba nzima ikanukia kama jikoni kwa mama. Mke wake akapita akauliza tunapika nini. Nilisafisha kipande kimoja kimoja na kubadilisha pete zote. Bahati alisimama nyuma yangu akiniambia kwamba mawese hayakuwa mabaya, ila aliuziwa na mtu asiye mwaminifu, yalikuwa na maji. Mpaka leo anashikilia hivyo.

Sasa kulungu. Hapa Kentucky sheria inaruhusu kulungu kwa bunduki ya upepo yenye mtutu mpana, msimu ukifika na ukiwa na leseni. Majimbo mengine hayaruhusu, na sheria zinabadilika, kwa hiyo usije ukasema Mama Neema aliniambia. Nenda kasome mwenyewe kabla ya kuondoka nyumbani. Na usifyatue uani kwako hapa Iroquois, polisi watakuja na watakuwa na haki. Mimi napiga shambani kwa binamu yake Mzee Dale, nje ya mji, mbele yangu kuna kilima cha udongo, na nimevaa fulana ya rangi ya chungwa ambayo dada zenu wameicheka sana.

Nyama ya kulungu mnaijua. Msijifanye. Kila kilio, kila harusi, kila Krismasi hapa kanisani, ile nyama nyeusi isiyo na mafuta iliyokaa kwenye sombe, majani yetu ya muhogo, mlidhani ilitoka dukani? Hakuna aliyewahi kuirudisha sahani akiuliza ilikufaje.

Lakini kula ni kula, na maneno ni maneno. Walianza wakubwa. Mjane anayeshika bunduki. Mkimbizi anayeshika bunduki. Mwingine akasema mapepo ya vita yamenifuata. Hao niliwaacha waseme, nilikuwa na kazi ya kufanya. Aliyenipata ni Neema, mwanangu wa pekee, anayeishi Buffalo, jimbo la New York.

Neema analea wakongwe kwenye makao ya wazee, ana mume mzuri na watoto wawili, na nyumba ya mbao kule West Side yenye ngazi zinazolia. Aliona picha yangu, nimepiga magoti kando ya kulungu na bunduki begani. Akanipigia hapo hapo.

"Mama, batoto bangu hawatakuya tena kwako. Ile kitu ikiwa mu nyumba, hawatakuya."

Nikamweleza. Iko kwenye kabati la chuma, imefungwa, haina hewa, haina risasi, funguo ninayo shingoni. Akasema si habari ya funguo. Nikamuuliza ni habari ya nini, akakata simu. Krismasi ikapita bila wajukuu. Pasaka ikapita. Nilikuwa nawaona kwenye simu, mdogo ananiambia kwa Kiingereza kwamba meno yametoka, na mimi najibu kwa Kiswahili, halafu mama yao anachukua simu. Iliniuma sana. Nilikonda, na ninyi mkasema Mama anafanya daieti.

Halafu nikaitwa Buffalo kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani yao. Nilifurahi, nikabeba zawadi. Kumbe ulikuwa mtego. Baada ya ibada nikapelekwa sebuleni kwa Neema, nikakuta viti vimepangwa, wazee wa kanisa wa kule wamekaa, Pasta Elia katikati, na Neema amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Bon, Mama Neema," Pasta akaanza, "tumekuita kwa upendo. Sisi wote hapa tulikimbia bunduki. Sasa wewe, mama ya kanisa, unailinda mu nyumba sawa mutoto. Batu banasema. Donc tunakuomba uiuze, na ukuye kukaa hapa na binti yako, uone bajukuu. Iko ngumu?"

Nilikunja mikono.

"Pasta, ulikuya Louisville kwa kilio ya Mzee Amisi?"

"Nilikuya."

"Ulikula nini?"

"Tulikula... chakula."

"Nyama ya nini?"

Akaangalia zulia.

"Na uliongeza," nikasema. "Nilikupakulia mimi mwenyewe."

Wazee wakacheka, hata mmoja aliyekuwa amejikunja kama jaji akafuta machozi. Nikajua nimeshinda kikao. Nikageuka nimwangalie Neema, na yeye hakuwa anacheka.

"Mama," akasema, "unakumbuka bale batu balikuya kule kwetu, mu mji ya Baraka?"

Mimi nilidhani hakumbuki. Alikuwa mdogo, hakuwa ameanza hata shule.

"Baba hakukuwa mu nyumba. Baliingia, bakaweka bunduki zabo juu ya meza yetu. Bakasema upike ile mbuzi. Ukapika. Ukapakulia bale batu kwanza, bakakula yote. Mimi nikalamba ukoko. Nilikuwa naangalia mikono yako, na ile bunduki, na sahani. Sasa nikiona picha yako na ile kitu, naona meza ile, Mama. Naona ile meza tu."

Vijana, nimeambiwa mengi maishani, lakini hilo sikulitegemea. Ningeweza kusema basi, nauza. Kila mtu pale alikuwa anasubiri niseme hivyo, na moyo wangu ulitaka kumpa mwanangu chochote. Lakini sikusema.

"Neema, ni kweli," nikamwambia. "Nilipakulia wao kwanza. Nilitetemeka mpaka mchuzi ukamwagika, na mmoja akanicheka. Wewe ulikuwa chini pale na njaa yako, na mimi sikuweza kukupa hata mfupa kwenye nyumba yangu mwenyewe. Umeniona vizuri. Sasa unaniomba nirudi kuwa mama yule, asiye na kitu mkononi, ili wewe upumue. Nakupenda kuliko roho yangu, lakini yule mama sitakuwa tena. Si kwa ajili ya Pasta, wala kwa ajili yako. Bunduki siiuzi."

Aliingia jikoni akafungua bomba, maji yakatiririka muda mrefu bila kuosha chochote. Niliondoka kesho yake asubuhi, na wajukuu walikuwa bado wamelala.

Nililia ndani ya basi, sifichi. Nilishukia Columbus kwa Bahati, naye akanitengenezea chai akaniuliza kama kweli chuma kinashinda damu. Nikamwambia si chuma. Akasema basi iuze. Nikamwambia ninywe chai kwanza, nikainywa, nikapanda basi lingine nikarudi nyumbani kwangu.

Msimu ukafika. Nilikwenda shambani nikakaa kwenye baridi mpaka miguu ikafa ganzi, nikampata jike mmoja mnene, karibu, kwa risasi moja. Nikamchuna, nikagawa kama kawaida, nyingine nikaiweka kwenye friza. Sikumpigia Neema. Nilikuwa nimeshasema langu.

Ijumaa moja gari lenye namba za New York likasimama mbele ya nyumba. Watoto wakashuka wakikimbia, mkubwa amerefuka mpaka nikamkosea jina. Neema alibaki kwenye ngazi, koti hajavua.

"Iko wapi?" akaniuliza.

"Kabatini."

"Nionyeshe."

Nikatoa funguo shingoni, nikafungua, nikamwonyesha geji iko chini, mtutu ni mtupu, nikapitisha ufito aone. Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili na mabega yake yakashuka.

"Iko muzito," akasema.

"Ni nzito, ndiyo."

Aliishika kwa muda, akaigeuza, akaangalia ile vali niliyoitengeneza mwenyewe. Kisha akanirudishia, akasimama pale mpaka nikafunga kabati na kuivaa funguo. Hakusema amekubali wala amekataa. Alivua koti akalitundika, akaenda kunawa mikono.

Nilikuwa nimepika. Niliweka ugali katikati, sombe, na ile nyama kwenye sufuria kubwa, inatoa moshi. Watoto wakakaa, Neema akakaa katikati yao. Akanyoosha mkono kuchukua upawa, kama binti anavyofanya mama yake akizeeka. Nikamwambia akae. Siku hiyo mwenye bunduki ndiye aliyepakua, na alianza na watoto.